Mama Getrude Atatumiminia Chai

Kerubo amemshinda Mama Getrude. Amemshinda juzi Jumapili, kwenye shimo la tisa, watu wote wa klabu ya gofu wakiangalia, na kikombe kiko hapa mezani kwangu, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, karibu na redio.

Sasa ndiyo nisalimie. Ni Jumanne jioni, mwaka wa sabini na nne. Mvua imenyesha saa tisa kama kawaida yake, ikakoma saa kumi na moja, na mimi Kwamboka, mama yake Kerubo, ni mzima. Mzima kabisa. Sijawahi kuwa mzima hivi tangu uhuru.

Kikombe chenyewe nimekisugua mara tatu tangu asubuhi. Baba Kerubo amesema nitakitoboa. Nimemwambia nikikitoboa tutakifanya chujio, lakini hapa hakitoki.

Kerubo ameniambia kwamba kule klabuni kuna ubao wa historia ukutani. Uliandikwa na Bwana Mosoti, katibu, ambaye ndiye mume wa huyo huyo Mama Getrude. Una majina ya wazungu, una majina ya manahodha, na una jina la Mosoti mara nne. Basi na mimi nitaandika historia yangu. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini sijasikia kwamba mtu anahitaji cheti ili akumbuke alichoona.

Kilima kile kilikuwa cha malisho. Nilipoolewa huku Ikonge nilikikuta na ng'ombe. Halafu akaja bwana shauri mmoja mwenye miguu myembamba, akashinda kilimani siku nzima anapiga kitu kwa fimbo na kukifuata, anapiga tena na kukifuata. Wazee wetu wakasema mtu huyu amepotelewa na kitu, tusimwache peke yake, wakaenda kumsaidia kutafuta. Ndivyo klabu ilivyoanza. Hilo kwenye ubao halipo.

Wakachimba mashimo tisa, si kumi na nane kama kwa wakubwa wa Nairobi. Nyasi laini walizotaka zizunguke shimo zilikataa kuota, kwa hiyo kila shimo likawekewa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ile nyeusi inayotolewa kwenye injini ya gari. Duara hilo waliliita brauni. Oili inaushika mchanga usisombwe na mvua, na mpira unateleza juu yake vizuri, lakini lazima lifagiliwe kila siku, tena kila kundi la wachezaji likipita. Wafagiaji tulikuwa wanawake wanne. Mimi nilikuwa na brauni la saba, la nane na la tisa.

Unachukua ubao, unaufunga gunia, unaanzia shimoni na kuzunguka ukirudi kinyumenyume, unapanua duara kama nyumba ya konokono mpaka ukingoni. Huachi unyayo. Maduara yangu yalikuwa yananyooka mpaka bwana shauri anawaita wageni waje watazame. Sijisifu. Walikuwa wanaitwa kweli. Jioni miguu yangu ilikuwa myeusi kama sufuria ya kijijini, na sabuni ilikuwa haina habari nayo.

Uhuru ukaja. Wazungu wakaanza kuondoka mmoja mmoja na watu wetu wakaanza kuingia. Mosoti aliyekuwa karani akawa mwanachama, halafu katibu. Mke wake akanunuliwa fimbo na glavu moja. Nilipoona glavu ni moja nilidhani wamemwibia nyingine, nikamhurumia.

Mama Getrude si mgeni kwangu. Darasa la pili tulikaa dawati moja. Herufi S alikuwa anaiandika ikiangalia nyuma, na ni mimi niliyeigeuza. Kwa hiyo siku alipovaa glavu yake nilifurahi kwa moyo safi. Niliona ni kama sisi sote tumeingia. Nikachukua chana mbili za ndizi mbivu, nikapanda ngazi za veranda nimpe hongera.

Alikuwa amekaa na wanawake watatu, mmoja mzungu. Akanitazama miguu. Ndizi hakuzitazama. Akamwita mpishi alete ndoo na tambara, na sakafu ikapigwa deki nyuma yangu, unyayo baada ya unyayo, nikiwa bado nimesimama. Tambara likanifikia visiginoni. Ikabidi niinue mguu mmoja, halafu mwingine, kama kuku aliyekanyaga maji.

"Mama Kerubo," akasema, tena kwa Kiswahili, si kwa Kigusii chetu, ili wale wengine wasikie, "nyinyi wa mchanga njia yenu ni ile ya nyuma."

Wakacheka kidogo, cheko la midomo iliyofungwa.

Ndizi alizichukua.

Hiyo ni miaka tisa sasa. Nilifagia mwaka mmoja zaidi, halafu chai yetu shambani ikakomaa, nikaacha. Lakini maneno yale sikuyaacha. Nimelala nayo na kuamka nayo. Mchungaji wetu akihubiri kusamehe naitikia amina kama wengine, ila amina yangu ina mfupa ndani. Nimemzalia mume wangu watoto sita, nimewasomesha, nimekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na bado nikiosha miguu jioni namwona yule mwanamke na glavu yake moja.

Kerubo ndiye wa kwanza. Ni afisa wa kilimo pale Nyamira. Amesoma chuo. Naandika tena kwa wasiosikia vizuri: amesoma chuo. Anaendesha pikipiki ya ofisi, na wanaume wanampisha barabarani, wengine kwa heshima na wengine kwa woga. Wakubwa wake ofisini wakamwingiza klabuni, akaanza kupiga, na mwaka wa pili tu akafika fainali ya kikombe cha wanawake. Na ni nani aliyekuwa anamngoja huko? Ni Mama Getrude, ambaye alikuwa amekishika kikombe hicho mpaka kikadhani kimezaliwa kwake.

Hapo ndipo yanapoingia mambo ya mwaka jana, yaliyokoleza moto.

Sisi ni Wasabato. Mosoti anajua, maana alibatizwa mto ule ule nasi kabla Sabato yake haijayeyukia kwenye gofu. Akaweka fainali Jumamosi saa nane. Kerubo akaandika barua ya adabu kuomba Jumapili. Akajibiwa kwamba siku haibadilishwi. Jumamosi hiyo mwanangu alikuwa kanisani amekaa karibu nami, na kule klabuni kengele ikapigwa, jina lake likaitwa mara tatu, na Mama Getrude akapewa kikombe bila kupiga mpira hata mmoja.

Na pale klabuni kuna desturi. Iliachwa na mke wa bwana shauri: aliyeshindwa kwenye fainali huwamiminia chai wageni wa mshindi, pale veranda, kwa mkono wake mwenyewe, ati watu wasikae na chuki. Kwa hiyo Kerubo wangu, ambaye hakushindwa na mtu bali na kalenda, akaenda akashika birika. Alikuwa ametoka kuugua malaria. Mama Getrude akaonja, akarudisha kikombe, akasema chai imepoa. Akaletewa nyingine. Akasema imepoa.

Kerubo alinisimulia akicheka. Mimi nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Mwaka huu wakafika fainali tena, hao hao wawili, na Mosoti akatangaza siku. Jumamosi, saa nane.

Sasa hapa niungame, na unayesoma uyaweke kifuani. Ijumaa kabla jua halijatua nilipiga magoti katikati ya chai yangu nikaomba. Sikuomba amani. Niliomba mvua ya mawe. Nilimwambia Nyasae, Mungu wetu, kwamba ameona mambo haya mwaka jana na hakusema kitu, na mimi simlaumu, lakini mwaka huu ningeshukuru. Nilimtajia kilima. Nilimtajia saa: saa nane kasoro kidogo. Nilimtajia mpaka ukubwa wa mawe, kama mayai ya kuku wetu, si yale makubwa ya dukani.

Mahali pa mawe hayo kuishia sikupataja.

Jumamosi tukiwa kanisani mabati yakaanza kulia. Nikatazama saa ya mzee wa kanisa. Saa nane kasoro kidogo. Mchungaji akafungua mdomo na kuufunga, hakuna aliyesikia neno. Nikainama nikafunika uso kwa kitambaa, watu wakadhani naomba, kumbe nacheka mpaka mbavu zinauma. Tulipotoka nje ardhi ilikuwa nyeupe. Klabuni bendera zote zilikuwa zimelala, na kengele haikuwa imepigwa. Kengele isipopigwa hakuna aliyechelewa. Wanakamati wakakaa chini ya paa wanatazamana, Mosoti akabaki peke yake upande wa kungoja Jumamosi nyingine, na ikakubaliwa mchezo ufanyike kesho yake.

Nikaenda nyumbani kama ninayeruka.

Chai yangu ilikuwa imechanwa kama karatasi. Safu zote za juu. Na ya shemeji yangu ng'ambo ya kijito. Na ya Mama Nyaboke, jirani yangu, ambaye hana ugomvi na mtu yeyote chini ya mbingu. Mama Nyaboke alisimama mpakani ameshika kiuno, akitazama matawi, akasema, "Sijui ni nani amemkosea Mungu hivi."

Nikamwambia hata mimi sijui.

Hilo linanichoma, siwezi kudanganya. Nimeenda kwake jana na leo kumsaidia kukata matawi yaliyovunjika, ameniita mtu mwema, na nimeendelea kukata bila kuinua uso. Nitamsaidia mpaka machipukizi yatoke. Lakini kumwambia, sitamwambia. Kuna mambo ambayo jirani akiyajua hataazima chumvi tena.

Jioni ile ya Jumamosi, jua lilipokwisha kutua, nilimkalisha Kerubo jikoni. Nikamimina unga wa wimbi kwenye ungo, nikausambaza, nikaufagia kwa kidole kwa kuzunguka, jinsi tulivyofagia brauni. Nikamwambia, tazama. Mfagiaji huzunguka kwenda kushoto, na mchanga hulala upande huo kama manyoya ya ndama aliyelambwa na mama yake. Mpira wa kasi haujali. Mpira unaochoka hufuata manyoya. Tena lile brauni la tisa linainama kuelekea mtoni. Jicho halioni. Lakini mchanga ule niliubeba kwa kichwa changu, na ninajua ni upande gani nilimwaga karai nyingi na upande gani nilichoka.

Kerubo ana cheti cha udongo, lakini alinisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaniuliza alenge wapi. Nikamwekea punje ya mahindi kwenye ungo, mbali kabisa na shimo.

"Huko, mama?" akaniuliza.

"Huko. Na usiwasikilize watakaoguna."

Jumapili nilienda nikasimama nje ya uzio, karibu na brauni la tisa, ambalo ni langu hata lifagiliwe na nani. Walilifikia wakiwa sawa. Mama Getrude akatangulia. Akapiga moja kwa moja, kama mtu anayejua. Mpira ukaenda vizuri, ukachoka, ukakunja kushoto, ukasimama kiganja kimoja kutoka shimoni. Akautazama kama mtu aliyetukanwa na mjukuu.

Kerubo akasimama akageuza mwili, akalenga hatua nzima kulia mwa shimo. Watu wakaguna. Mwanamume mmoja mwenye kofia akasema binti ameogopa. Mpira ukatoka kama unaokwenda zake sokoni Nyaramba, halafu ukawa kama umekumbuka kitu. Ukakunja. Ukapungua. Ukaingia.

Kigelegele nilichopiga kilifika barabarani, maana lori lilisimama.

Mama Getrude aligeuka akanitazama ng'ambo ya uzio. Alinijua. Miaka tisa hajawahi kunitazama usoni, na siku hiyo alinitazama mpaka yeye ndiye akainamisha macho. Nilikula mtazamo ule kama nyama.

Tukirudi nyumbani Kerubo aliniuliza ni wageni wangapi waje kunywa hiyo chai. Nilipoanza kuwataja akacheka, nilipofika wa ishirini akaacha kucheka. "Mama, mimi nimeshinda mchezo," akasema. "Hivyo vita vingine ni vyako." Alisema kwa upole, na nilijua ananiambia nisimwaibishe mtu mzima. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni vyangu, na bado havijaisha. Sikumdanganya mwanangu. Nina moyo mzuri kwa watu wengi, lakini kwa mwanamke mmoja sina, na nimechoka kujifanya ninao.

Ninaloogopa ni moja tu. Naogopa atakuja na birika, anyenyekee, aniambie pole kwa Kigusii, na mimi nianze kulia mbele ya watu. Halafu hasira yangu ya miaka tisa itakaa wapi? Nimeomba asiniambie pole. Na safari hii niliomba kwa uangalifu.

Leo saa sita, Mosoti akaja.

Alikuja amevaa tai, amekunja suruali kwa ajili ya tope, na nikajua amekuja kuitoroka ile chai. Lakini kwetu mgeni haulizwi shida kabla hajala. Nikamkaribisha kwa maneno matamu, nikamwondolea kofia, nikakamata jogoo. Baba Kerubo akanifuata nyuma ya jiko akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimerukwa na akili, jogoo kwa Mosoti? Nikamwambia, wewe kaa naye tu, mzungumzie ng'ombe. Mtu akishakula kwako hawezi kukukatalia jambo kabla mafuta ya kuku wako hayajakauka midomoni mwake. Mosoti ni mtoto wa hapa. Tai haiwezi kumsahaulisha hilo.

Nikampikia ugali wa wimbi, mboga yetu chungu ya chinsaga niliyoilaza katika maziwa, na jogoo mzima. Nilimwekea paja, nikamwekea na lingine. Alipotaka kusema nilimwongezea mchuzi. Kikombe kilikuwa pale mezani mbele yake, kinang'aa, na kila akiinua tonge aliuona uso wake humo.

Alipokwisha kunawa mikono ndipo akasema. Presha ya mke wake imepanda. Daktari amesema apumzike. Yeye Mosoti ameona ni vizuri mpishi wa klabu ndiye amimine chai, wageni watakunywa vilevile, chai ni chai. Tena, akaongeza, desturi yenyewe ni ya wazungu, na wazungu wameshaenda zao.

"Mbona mwaka jana walikuwa bado?" nikamuuliza.

Baba Kerubo akakohoa ndani ya kikombe chake cha maziwa.

Sikupandisha sauti. Nilimpa pole ya presha, nikamuuliza kama mama analala vizuri, nikamwambia amkaangie mbegu za maboga. Nilisema yote hayo kwa upendo, na kila neno lilikuwa kamba. Halafu nikasogeza kigoda karibu naye.

"Bwana katibu," nikasema, "sisi hatuna haraka. Mawe yamekula chai yetu, mwezi huu hatuna la kuchuma. Tutamngoja mama apone, hata akichukua mwaka. Ila siku sitaitaja mimi, wasije wakasema nimemkokota mgonjwa. Itaje wewe, hapa, umekula."

Alitazama mifupa kwenye sahani. Alitazama mlangoni. Akajaribu kusema kwamba lazima aulize kamati, na Baba Kerubo, mume wangu asiyependa maneno, ambaye tangu tuoane sijamsikia akimjibu mtu wa tai, akamwambia taratibu, "Mosoti, mtu ametaja kamati baada ya kula kuku wa nani?"

Mosoti akaifungua tai kidogo.

Kwa hiyo nimeshatuma habari. Dada yangu aliyeolewa Nyamache anakuja na mke mwenzake. Wale wafagiaji wengine watatu wanakuja, hata yule ambaye magoti yamemshinda, atabebwa. Kwaya ya akina mama inakuja yote. Mama Nyaboke anakuja, na nimemwahidi kiti cha mbele. Kerubo atakaa kulia kwangu. Siku imetajwa na Mosoti mwenyewe, kwa mdomo wake, nyumbani kwangu, nami nilimwomba airudie mara ya pili ili Baba Kerubo asikie vizuri: si Jumapili hii, ni ile inayofuata, saa nane.